Skrubu Nne za Mguu wa Baba

Mlaleo, Kisauni
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Kuluthum,

Assalaam alaykum. Nakubusu mkono kutoka huku mbali, na nakupa shikamoo yako ambayo simu huimeza kila tukizungumza. U hali gani, dada? Shemeji Imad je, mgongo umemwachia, au bado analala sakafuni? Na watoto wako, bado wanakujibu Kiarabu ukiwasemesha Kiswahili? Waambie khaloo Fairuz, mama yao mdogo, ndiye atakayewanyoosha wakija. Huku sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Joto limekaza na maji ya mfereji yanakuja siku moja yanakosa mbili, lakini hayo si mapya kwako.

Najua utacheka ukiona bahasha. Utasema Fairuz amerudi zama za bibi. Lakini dada, nimejaribu mara tatu kukutumia sauti, na kila nikifika pale penyewe kidole chaniachia. Isitoshe, simu yako wewe ni ya nyumba nzima, na haya sitaki yasikike jikoni huku unakaanga samaki. Nimemwomba Asmaa, binti wa nyumba ya pili anayesafiri Jumamosi, akubebee mkononi. Ameniapia wallahi hataifungua. Simwamini sana, kwa hiyo nimeibandika kwa gundi ya viatu.

Ami Abdulhakim ameniambia uamuzi wenu. Kwamba eda ya mama ikiisha, nazo zimebaki siku kumi na tisa, utashuka Mombasa, umchukue mama umpeleke Maskati kwa madaktari wa akili, na nyumba ya baba ifungwe mpaka itakapojulikana la kufanya. Sikulaumu, dada. Kwa ulivyoelezwa, hata mimi ningekata tiketi. Ila mambo sivyo ulivyoelezwa, na aliyesababisha ukaelezwa hivyo ni mimi. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo uamue. Ukikasirika katikati, weka karatasi chini, unywe maji, kisha uendelee.

Nianze na mama. Wiki sita za mwanzo za eda sikukuambia yote. Alikaa chumbani akitazama ukuta, akasoma Kurani yake, basi. Uji nilimnywesha kwa kijiko. Nikimwita haitiki, na wewe unajua mama alivyokuwa, mtu wa kuitika kabla hujamaliza kuita. Nilikuwa naondoka kazini saa tisa kwa ruhusa ili nisimwache peke yake, na kila nikifungua mlango nilikuwa naogopa nitakachokikuta ndani. Baba alimwacha ghafla mno. Miaka thelathini na minane, halafu asubuhi moja unaambiwa hayupo.

Basi siku ya arubaini na nne, tumeshasali alasiri, mimi nakunja mswala ukumbini, nikasikia nyayo kichochoroni chini ya dirisha. Unazijua, dada. Ile ya kulia ngumu, ya mguu wa bandia. Kisha ya kushoto inayokwaruza kidogo, kwa lile goti lililoumia mpirani ujanani mwake. Ngumu, mkwaruzo, ngumu, mkwaruzo. Zilipofika kwenye mteremko mbele ya mlango wetu zikasimama, vile vile baba alivyokuwa akisimama kuvuta pumzi kabla ya kushika komeo. Nikahesabu mpaka tano. Kisha zikaendelea kuelekea sokoni.

Mimi nilikimbilia jikoni. Nikafungua mfereji, maji siku hiyo yalikuwako, nikayaacha yamwagike kwenye karai kwa kishindo ili mama asinisikie nikilia. Nililia mpaka karai likafurika. Niliporudi nilimkuta mama amesimama dirishani, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Uso wake ulikuwa umefunguka. Aliniambia kwa sauti yake ya kawaida kabisa nimtilie baba yenu chai, na nisizidishe sukari, maana nayajua maradhi yake.

Toka siku hiyo mama alirudi. Alikula, alinigombeza kwa kuunguza wali, aliniuliza nitaolewa lini. Kila alasiri kikombe kinawekwa kwenye kizingiti cha dirisha, na kila magharibi kinamwagwa. Alikiweka hata Jumapili, siku ambayo hakuna kilichopita kichochoroni. Nikajiambia ni mazoea tu. Nakwambia ukweli, nilifurahi nikanyamaza. Nilimtazama mama anakula biriani nikasema moyoni, na iwe.

Kisha mambo yakapita mpaka. Wiki tatu nyuma nilimkuta ametia asmini nywelani na chumba kinanuka udi. Katika eda, dada! Astaghfirullah. Bi Rahima wa mkabala akaona, na Bi Rahima akiona ni kama imesomwa msikitini. Ami Abdulhakim akaja juu. Mama akamwambia kwa adabu kwamba mwanamke ambaye mume wake anasimama mlangoni kila siku hafundishwi ujane. Ami akaleta mwalimu kumsomea. Mama akatulia, akamsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, kisha akamsahihisha madda mbili alizokosea kuzivuta katika kisomo. Mwalimu hajarudi. Hapo ndipo Ami alipokupigia simu.

Sasa nikupe habari za kazini, na usiruke, maana ndimo jambo lilimo. Unajua nipo karakana ya miguu ya bandia, upande wa kupima mwendo. Mwaka juzi alikuja kwetu mtafiti, Daktari Selpher, mtu wa bara, Kiswahili chake kinakimbia mbio na hakisimami kuamkia mtu, lakini moyo wake safi. Anachunguza jinsi mwili unavyojibu mguu ukichakaa, joto na chumvi ya huku zikilainisha mpira wa wayo. Kuna mkeka mrefu wa mpira, una vipimio vya uzito ndani. Mtu anapita juu yake, na kompyuta inachora uzito wake ulivyoshuka: kisigino kilivyogusa, wayo ulivyobingirika, vidole vilivyosukuma. Kila hatua inatoka vilima viwili na bonde katikati. Sote tuna vilima viwili, lakini vyako si vyangu. Daktari Selpher husema angeweza kukutambua kwa vilima vyako hata akiwa hajawahi kukuona uso.

Baba naye alipimwa. Yeye alikuwa mtu namba kumi na nne. Utafiti hauandiki majina. Alipita kwenye mkeka mara kumi na mbili amevaa kofia yake ya vito, akilalamika kwamba amevuliwa kanzu mbele ya wasichana kwa ajili ya kubandikwa vigololo vinavyong'aa magotini. Vilima vyake navijua kama mwandiko wake. Kile cha kulia cha pili kilikuwa kifupi, kwa kuwa mguu wa bandia hausukumi. Na bondeni mwa mguu wake wa kushoto, ule mzima, kulikuwa na kijino kidogo. Lile goti.

Mwezi mmoja uliopita Daktari Selpher aliniita. Alikuwa amempima mgonjwa mpya, Mwarandu, fundi cherehani wa hapa hapa Kisauni ambaye mguu wake wa kulia ulisagwa na lori kule Changamwe. Alipoingiza vipimo vyake, kompyuta ikavipeleka yenyewe kwenye jalada la mtu namba kumi na nne. Daktari akavitoa, akaviingiza tena. Vikarudi kule kule. Akanionyesha michoro miwili, mmoja juu ya mwingine, na mistari haikuonekana kuwa miwili. Kilima kifupi kipo. Na kijino kipo, dada, mguu wa kushoto, kwa mtu ambaye goti lake la kushoto halijawahi kuguswa na kitu.

Aliniuliza huyu namba kumi na nne ni nani na yuko wapi. Nilimjibu kwamba huenda majalada yamechanganyika. Daktari akaniambia niende nikapumzike, naonekana nina homa.

Baada ya siku chache akaja mke wa Mwarandu, Sidi. Mwanamke mpole, amevaa leso mbili, amekaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha. Alinieleza kwamba mumewe hawezi tena kukaa kwenye cherehani kupita adhuhuri, nyonga na mgongo vinamuuma. Hilo nililitegemea. Lakini aliongeza kwamba siku hizi akimwita hugeuza kichwa chote aelekeze sikio la kushoto, na hali masikio yake yote mawili ni mazima. Na kwamba akirudi nyumbani husimama nje ya mlango wao kitambo, hashiki komeo, na ukimuuliza anasubiri nini hajui. Kisha akaniuliza, kwa heshima zake zote, mguu ule ulikuwa wa nani.

Dada, sikio la kulia la baba lilikuwa limekufa kwa miaka ishirini. Nilimjibu Sidi kwamba vyuma vyetu hutoka ng'ambo.

Jambo lenyewe ndilo hili. Unakumbuka wiki ya pili ya msiba mliniachia kazi ya kuurudisha mguu wa baba karakanani. Ndiyo desturi yetu. Mwenye mguu akifa, jamaa zake huurudisha, maana vyuma vinafaa na watu wanaongoja ni wengi. Lakini kuna sharti, na mwenye sharti ni Changawa, fundi wetu mkuu, Mgiriama wa zamani katika kazi hii. Mguu wa marehemu hufunguliwa siku ile ile uliporudishwa, kabla ya jua kutua. Pale wayo unaposhikana na paipu kuna skrubu nne. Hizo ndizo zinazouelekeza mguu: robo mzunguko huku, nusu kule, mpaka umfae mwenyewe. Changawa huzilegeza zote nne, huutaja mguu kwa jina la mwenyewe, akauambia safari imekwisha. Ndipo unawekwa rafuni vipande vipande. Mimi na Daktari tulikuwa tukimcheka.

Siku ile Changawa alikuwa na mgonjwa, akaniambia nimfungue mzee wangu mwenyewe. Nikashika ufunguo. Nikautia kwenye skrubu ya kwanza. Dada, zile skrubu baba alizihangaikia miaka kumi na moja, kila mwezi anakuja kulalama, ikaze hii kidogo, hapana, umezidisha. Nikafikiri: sauti yake tunayo kwenye simu, sura yake tunayo kwenye picha, lakini mwendo wake uko hapa tu, kwenye vyuma hivi vinne. Nikizilegeza, hautakuwepo popote tena. Nikautoa ufunguo. Nikamwambia Changawa tayari.

Na sikuishia hapo. Mwarandu alipofika zamu yake, nilibadilisha kikombe tu, kile kinachopokea kigutu, nikamvalisha mguu wa baba mzima, na skrubu zake nne kama zilivyo. Halafu nikamwandikia zoezi: kila siku isipokuwa Jumapili, baada ya alasiri, atembee kutoka karakanani hadi sokoni kwa kupitia kichochoro chetu. Nilimdanganya kwamba mteremko ule ni mzuri kwa goti lake. Hakuna uzuri wowote. Nilitaka kumsikia baba akirudi nyumbani, basi. Nilimchukua mtu mzima, baba wa watoto wanne, nikamfanya kinanda cha kunipigia wimbo wangu, na yeye akanishukuru na kuniletea kanga ameishona pindo.

Kwa hiyo mama hana wazimu. Alichosikia kilikuwapo. Nilipowasikia nyinyi mnampangia hospitali nilipaswa kusema siku hiyo hiyo, na nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nawaogopa nyinyi na kwa sababu bado nilitaka kuzisikia nyayo zile. Kila alasiri zilipopita nilikwenda jikoni nikafungua mfereji, na siku za ukame nilimimina ndoo kwa ndoo, nikalia. Hiyo ndiyo aibu yangu, nimekuwekea mbele yako.

Jumanne nilishindwa kuibeba zaidi. Nilimweleza Changawa. Nilidhani atanifukuza, wala hakupaza sauti. Alivua kofia, akaniuliza tu kama marehemu mwenye mguu ameshaanza kusimama mlangoni kwa watu. Nikamwambia ndiyo, kwa Mwarandu. Akatikisa kichwa akasema basi tuwahi. Tulimwita Mwarandu na Sidi, nikawaambia yote, nikamshika Sidi miguu. Mwarandu alisema alikuwa amedhani ni uzee umemjia mapema. Kisha akauliza jina la baba, nikamwambia Yeslam, akalirudia mara mbili ili alishike.

Nilizilegeza mwenyewe. Skrubu ya nne iligoma, nikailegeza kwa mikono miwili huku Changawa akisema maneno yake. Tukaukaza upya, safari hii kwa mwili wa Mwarandu. Alipopita kwenye mkeka, Daktari Selpher alitazama kompyuta, akanitazama mimi. Vilima vilikuwa vipya. Kijino hakikuwapo. Mwarandu alikwenda akarudi, akacheka, akasema ni kama amevua koti la mtu. Sidi alilia. Mimi nilirudi nyumbani nikijua nimemzika baba kwa mara ya pili.

Jana, Jumatano, ndiyo siku ninayotaka uisome polepole.

Mwarandu alikuwa ameniahidi kupita mara moja ya mwisho ili nijiridhishe. Baada ya alasiri akapita. Nyayo nyepesi, zake mwenyewe, hazikusimama kwenye mteremko. Mama alikuwa kwenye mswala anavuta tasbihi, wala hakuinua kichwa. Nilijua sasa kikombe kitakaa na mtu hatakuja, na kwamba lazima nimwambie kwa nini. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia yote, skrubu, Mwarandu, njia niliyoichagua. Nilimaliza nikaweka kichwa mapajani mwake nikangoja anisukume.

Hakunisukuma. Alinipapasa kichwa akaniuliza kama yule fundi cherehani wa watu mgongo wake sasa umepoa. Nikainua uso. Akaniambia alimwona siku ile ile ya kwanza, kupitia upenyo wa pazia: mtu mgeni, na chini yake mguu wa mumewe. Aliujua mguu, ni yeye aliyekuwa akiupangusa kila siku miaka kumi na moja. Alikisia ni kazi yangu akaniachia, kwa kuwa aliona unanifariji. Alisema mgeni yule hakuwahi kumdanganya hata siku moja.

Nilimuuliza, basi chai ni ya nani? Akasema ya baba yenu. Kwamba yule mgeni hutangulia, na baba yenu hufuata nyuma yake, wakati ambao mimi huwa niko jikoni nimefungua maji. Na kwamba Jumapili huja peke yake. Aliyasema haya kama anayeniambia saa za muuza maziwa. Akaniomba siku hiyo nikae, nisiende kwenye mfereji.

Nikakaa. Kichochoro kilikuwa kimya. Paka wa Bi Rahima alikuwa amelala katikati ya njia juani, nikimwona kwenye upenyo wa pazia. Nilianza kumhurumia mama, wallahi, nikaanza kupanga maneno ya kukuandikia kwamba mna haki, njooni mumchukue.

Ndipo nikasikia. Zilitoka upande wa karakana. Nilingoja ile ngumu ya kulia, dada, masikio yangu yote yalikuwa yanaingoja, kwa miaka kumi na moja hatua za baba huanza kwa ile ngumu. Haikuja. Wa kulia ulikanyaga laini, wayo mzima, na ngozi ikapiga kisigino. Wa kushoto ukakanyaga, ukakwaruza kidogo. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Kazi yangu ni hiyo, nilihesabu bila ya kutaka: muda wa mguu huu na muda wa mguu huu ulikuwa sawa sawa. Mtu mwenye mguu mmoja wa bandia hatembei hivyo, hata tukimkazia skrubu mwaka mzima. Na mlio ule ulikuwa wa makubadhi, yale aliyokuwa akitujia nayo kutoka kazini sisi tuko wadogo, ambayo hakuyavaa tena tangu akatwe mguu, maana wayo wa bandia hauna vidole vya kushika mkanda.

Paka aliamka, akasogea kando, akakaa karibu na ukuta kama anayempisha mtu. Kisha akalala tena. Kichochoroni hamkuwa na mtu. Nyayo zilifika mbele ya mlango zikasimama. Nikahesabu tano, sita, saba, nane, na hazikuendelea. Mama akasema karibu, kwa sauti ya chini, kama mwanamke anayemkaribisha mumewe na wageni wako ndani. Nywele zangu zilisimama, na sikuogopa, dada, sijui nikueleze vipi vitu hivi viwili kwa pamoja. Nilichofikiri ni kwamba baba amepona.

Leo asubuhi mama ameniita, nikaitika abee, akaniambia nikuandikie haya. Eda yake ataimaliza kwa siku zake zote, siku amezihesabu kuliko sisi. Asmini ameiacha, amekiri alikosea na amemwomba Mungu msamaha. Lakini nyumba hahami. Akihama, ameniuliza, baba yenu atamkuta wapi? Nami nakuletea swali hilo hilo. Kama huo ni wazimu basi tu wawili, na itabidi ukate tiketi ya pili. Njoo, dada, tunakutamani. Njoo ukae ukumbini nasi alasiri moja, usikilize, kisha useme unalotaka na mimi nitalifuata.

Nisamehe kwa mguu, na kwa kukuacha uhangaike na simu za Ami hali ukweli nilikuwa nao mfukoni. Nisalimie shemeji Imad, mwambie akandwe mgongo kwa mafuta ya karafuu. Wabusu watoto mmoja mmoja. Changawa anakusalimu, Bi Rahima anakusalimu na anataka kujua kila kitu, usimwambie kitu.

Mama amesimama hapa nyuma yangu ninapoandika, anakupa salamu na dua, na ana agizo moja. Ukija umletee baba makubadhi ya ngozi ya huko, namba tisa. Yale ya zamani ameyatoa sandukuni jana magharibi, yamekauka na mikanda imekatika. Amesema nikukumbushe yawe yote mawili.

Wakatabahu mdogo wako,
Fairuz binti Yeslam